Ung'ongo Si Nyoka: Hoja Juu ya Mtandao Mpya wa Simu katika Nachingwea na Ruangwa

Yapo mabishano ambayo hayafi kwa sababu wabishani hawasemi juu ya kitu kimoja. Mabishano juu ya mtandao mpya wa simu, huu uitwao wa kizazi cha nne na cha tano, ni ya namna hiyo. Upande mmoja wamo wauzaji na wasifu, ambao husema kwamba mnara ukisha kusimama, basi umaskini umekwisha hama. Upande wa pili wamo watu wa busara, tena wengi wao ni wasomi wenzetu wa vyuo vikuu, ambao huuliza kwa tabasamu la huruma: mkulima wa korosho wa Nachingwea ana haja gani na kizazi cha tano? Mpeni maji kwanza, mpeni barabara, mpeni salfa ya mikorosho yake. Simu aliyo nayo yamtosha. Nakusudia kuwapinga wote wawili, lakini hawa wa pili zaidi. Kosa la muuzaji hujulikana upesi na kila mnunuzi. Kosa la mwenye busara huvaa kanzu ya huruma, na aghalabu hupita mlangoni bila ya kuulizwa jina.

Hoja yoyote sharti ianze kwa kukijua kitu kinachohojiwa. Neno simu lenyewe tulilipokea kutoka Kiajemi, na maana yake ya asili ni uzi wa madini, yaani waya. Wazee wetu walipopeleka barua ya simu, waya ulikuwapo kweli. Leo waya umetoka na jina limebaki. Kizazi, katika maneno ya mafundi, ni rika la kanuni ambazo kwazo mnara na simu huelewana. Kizazi cha pili kilichukua sauti na ujumbe mfupi. Cha tatu kilifungua mlango wa intaneti. Cha nne kiliupanua mlango ule hata picha, sauti na maandishi vikapita pamoja kwa wepesi. Cha tano, ambacho kilianza kuuzwa Dar es Salaam mwezi wa Septemba 2022, kiliwekewa malengo na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU: kasi ya juu kabisa ya gigabiti 20 kwa sekunde, ucheleweshaji wa milisekunde moja kwa kazi zisizovumilia kungoja, na uwezo wa kuhudumia vyombo milioni moja katika kilomita moja ya mraba.

Malengo hayo ni ya hali bora kabisa, wala hapana mtu wa mtaani ayapatae yote kwa pamoja. Lakini chini ya tarakimu hizo iko kanuni moja nyepesi ambayo haibishaniwi: kila kizazi kipya hubeba mzigo mkubwa zaidi juu ya masafa yale yale, na kwa hiyo gharama ya kubeba kila kipande cha habari huteremka. Ni tofauti ya punda na lori katika njia moja. Nisemapo mtandao mpya, basi, nina maana ya kile kilicho kipya mahali kilipo. Kwa Nachingwea mjini na Ruangwa mjini swali ni la kizazi cha tano. Kwa kijiji ambacho watu wake hupanda juu ya kichuguu ili simu ishike, kizazi cha nne ni kipya kama mwezi mwandamo.

Nianze na pingamizi lenye nguvu kuliko yote, kwa kuwa lina historia nyuma yake. Watu wa kusini husema: tumekwisha ona mambo makubwa yaliyokuja kwa vishindo. Na kweli wameyaona. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, ambayo watu wake walikuwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, ilianza Mpango wa Karanga katika Tanganyika. Mahali patatu palichaguliwa: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Nia ilikuwa kulima zaidi ya ekari milioni tatu. Vifaru vya vita viligeuzwa matrekta. Bandari ya kina kirefu ilijengwa Mtwara, na reli ikatandikwa kupita mwituni hadi Nachingwea. Mwezi wa Januari 1951 mpango ulitangazwa kuwa umekufa, na hasara yake ilikadiriwa kuwa paundi milioni 36. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa, na vyuma vyake vikang'olewa. Tangu hapo mtu wa Nachingwea asikiapo neno mradi huinua macho kwanza ayatazame matuta ya reli isiyokuwapo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Mimi simlaumu kwa kushtuka. Lakini kazi ya elimu ni kumpa mwanadamu taa ya kutenga nyoka na ung'ongo, na hapa ndipo wenzetu wa busara wanapokosea. Wao wameichukua hadithi ya karanga wakaifanya hirizi ya kuzuia kila kitu kipya. Hebu tuisome hadithi ile kwa makini. Karanga zilishindwa kwa sababu zao. Udongo na mvua havikupimwa kama ilivyopasa. Kongwa udongo ulikauka ukawa mgumu hata karanga zikakataa kung'oka. Amri zilitolewa London na watu ambao hawakupata kushika jembe mahali pale. Zaidi ya yote, mazao yalikusudiwa meza za watu wengine, na mwenyeji alihesabiwa kuwa mkono wa kazi, hakuulizwa neno. Hayo ni makosa ya watu juu ya nia na vipimo. Reli haikuwa na kosa lolote.

Tena yatazameni yaliyofuata. Reli ilipimwa kwa mzigo mmoja tu, mzigo wa karanga, na mzigo ule ulipokosekana ikahukumiwa kuwa haina faida. Wakati huo huo mwenyeji, bila ya kuamrishwa na mtu wa London, alikuwa akipanda mikorosho. Mwongo mmoja tu baada ya vyuma kung'olewa, katika msimu wa 1973/1974, Tanzania ilivuna korosho zipatazo tani 145,000, na sehemu kubwa ilitoka katika nchi hiyo hiyo ya kusini. Katika msimu wa 2024/2025 mavuno yalipita tani 500,000. Mzigo ulikuja, reli haikuwapo. Somo la Nachingwea, basi, lina pande mbili, na wenzetu wamesoma upande mmoja. Upande wa kwanza wasema: usiwaletee watu chombo kwa ajili ya haja isiyo yao. Upande wa pili wasema: usiwanyang'anye watu njia kwa sababu mzigo uliouwaza wewe haukutokea, kwani hujui wao watapakia nini. Mwenye kuukataa mtandao mpya kwa kisa cha karanga anarudia kosa la wale waliong'oa reli.

Pingamizi la pili ni hili: kitochi chatosha. Mkulima hupiga simu, hupokea fedha kwa wakala, hutuma ujumbe; ataka nini zaidi? Sikidharau kitochi. Tangu huduma za fedha kwa simu zilipoingia nchini mwaka 2008, kitochi kimemfanyia mtu wa kijijini kazi ambayo mabenki hayakuifanya kwa miaka mingi. Lakini ulimwengu unaomzunguka mkulima wa korosho umekwisha kihama kitochi chake. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza katika korosho mwaka 2007, ulimtaka apeleke mazao ghalani kwa chama chake cha msingi, angoje mnada. Vyama hivyo katika wilaya hizi viko chini ya Chama Kikuu cha RUNALI, ambacho jina lake limefumwa kwa silabi za Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Katika msimu wa 2024/2025 minada iliendeshwa kwa mfumo wa kompyuta wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Mnunuzi huweka bei yake akiwa mbali, na bei za wote hufunuliwa kwa pamoja.

Huo ni mwendo mwema, maana bei iliyoandikwa hadharani ni vigumu kuichezea kuliko bei iliyonong'onwa. Lakini tazama nani aonaye na nani asimuliwaye. Mnunuzi anao mtandao wa kasi na kioo kikubwa mbele yake. Ajua korosho ya Vietnam na ya India imesimama kwa bei gani asubuhi ile. Mkulima aketiye chini ya mwembe anasomewa bei, anaulizwa kama anakubali au anakataa, na kujibu sharti ajibu. Katika mashauriano ya namna hiyo, yeye ana haki ya kura na hana haki ya habari. Mizani haiwezi kusimama sawa ambapo upande mmoja hupima kwa macho na upande wa pili kwa masikio. Mwenye kusema kitochi chatosha anasema, ijapokuwa hakukusudia, kwamba masikio yamtosha mkulima.

Bado tumo shambani. Mikorosho ina adui wake, ubwiriunga, ukungu mweupe ushambuliao maua na majani machanga, na dawa yake huhesabiwa kwa siku: ukichelewa, ua limekwisha. Kituo cha utafiti cha Naliendele, karibu na Mtwara, kimekuwa chimbuko la elimu ya mikorosho kwa miaka mingi. Lakini bwana shamba mmoja hawezi kuvipitia vijiji vyote kwa pikipiki katika majuma machache ya maua. Picha safi ya jani lililougua, ikipelekwa asubuhi na kujibiwa adhuhuri, yaweza kuokoa mapato ya mwaka. Sauti haiwezi kazi hiyo. Mtu akisema kwa simu kwamba majani yamekuwa meupe, mtaalamu atauliza weupe wa namna gani, na hapo maneno yote mawili, la muulizaji na la mjibu, yatakuwa yakipapasa gizani.

Na tuingie shuleni. Sensa ya mwaka 2022 ilifanywa kwa vishikwambi, na baada ya kazi ile vishikwambi vilipewa walimu. Ni jambo la kusifiwa. Lakini nimekwenda mara kadhaa katika wilaya hizi kuwakagua wanafunzi wetu walio katika mazoezi ya kufundisha, na nimeona kishikwambi kimewekwa ndani ya kabati, kimefungwa katika mfuko wake, safi kama sahani ya wageni. Nilipouliza sababu, mwalimu alinijibu bila ya haya: "Mtandao hauna nguvu, Daktari, kukifungua ni kumaliza chaji bure." Hiki ni chombo cha kizazi kipya kilichokabidhiwa njia ya kizazi kikuukuu. Shule moja haihitaji gigabiti 20. Yahitaji njia thabiti ambayo madarasa mawili yaweza kuitumia kwa pamoja, na hiyo ndiyo kazi ambayo mtandao wa kizazi cha nne na cha tano huifanya vizuri: mnara mmoja hulisha shule, zahanati na ghala la chama bila ya kuchimba handaki la waya hadi kila mlango. Mahali ambapo nyumba zimetawanyika kama Ruangwa, faida hiyo si ndogo.

Katika afya, mfano upo nchini. Mfumo wa m-mama, uliotangazwa kuenezwa Tanzania nzima mwaka 2022, humwezesha mhudumu au jamaa wa mama mzazi aliye hatarini kupiga namba 115 bila ya malipo, na dereva wa karibu akaitwa kumpeleka hospitali. Wenzetu watadakia: huo ni wito wa sauti, kitochi kimeutosha. Ni kweli, kuita kumetosha. Lakini baada ya mama kufika kituo cha afya ambacho hakina bingwa, picha ya mionzi au ya tumbo yataka kwenda kwa bingwa aliye Lindi, Mtwara au Muhimbili, na ushauri wake urudi kabla ya damu kwisha. Kitochi kimemleta hadi mlangoni. Ndani ya chumba chahitajika kingine.

Kuhusu barabara, ambayo watu hupenda kuishindanisha na mtandao kana kwamba fedha ya moja ni damu ya mwingine, nawakumbusha mwezi wa Mei 2024. Kimbunga Hidaya na mvua zake ziliikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi katika sehemu za Somanga, na mikoa ya kusini ikatengwa kwa siku kadhaa. Hapakuwa na lori, hapakuwa na basi. Siku chache baadaye, tarehe 12 Mei, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zikakatika, na intaneti ya nchi nzima ikazimia. Katika majuma hayo mawili kila mtu alijifunza kwamba barabara na mtandao ni miguu miwili ya mtu mmoja. Mwenye kumwambia mtu wa kusini achague mguu mmoja hajawahi kukaa upande wa pili wa daraja lililovunjika.

Sasa niligeukie pingamizi la wafanyabiashara, ambalo husemwa kwa sauti ya chini: watu ni wachache, faida hakuna. Kwa hesabu ya sensa ya 2022, Mkoa wa Lindi una watu 1,194,028 katika nchi pana ajabu, kiasi cha watu 18 kwa kilomita moja ya mraba. Kampuni ikipima kwa mizani ya duka, itauweka mnara Kariakoo na wa pili itauweka Kariakoo tena. Lakini ndiyo maana sheria ya nchi iliunda Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote mwaka 2006, ili kampuni zivunazo mjini zichangie njia ya vijijini. Mwezi wa Mei 2023 mikataba ilitiwa sahihi ya kujenga minara 758 nchini kwa fedha za namna hiyo. Kanuni imekwisha kubaliwa. Kilichobaki ni kuitimiza na kuikagua.

Tena hapa fizikia humsaidia maskini, kama akisomewa. Mawimbi ya masafa ya chini, kama yale ya megahezi 700, husafiri mbali na hupenya miti na kuta. Yale ya juu, kama ya megahezi 3500, hubeba mzigo mwingi lakini huchoka upesi. Kizazi cha tano chaweza kutumia yote mawili. Kwa hiyo asemaye kwamba teknolojia hii ni ya miji iliyosongamana peke yake amesoma nusu ya kitabu. Kwa Nachingwea na Ruangwa njia yake ni masafa ya chini kwa vijiji, masafa ya juu kwa miji, na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano kufikishwa karibu na minara. Mnara wa kizazi cha tano usiofikiwa na mkongo wenye nguvu ni mtungi mkubwa ujazwao kwa mrija wa kunywea soda.

Juu ya uvumi wa maradhi sitakaa sana. Mwaka 2020 watu katika Uingereza walichoma minara kwa kuamini kwamba kizazi cha tano ndicho kilicholeta korona. Korona ni kirusi, na kirusi hakipandi wimbi la redio. Mawimbi ya mnara ni ya jamaa ya mawimbi ya redio na televisheni ambayo yametuzunguka tangu babu zetu. Hayana nguvu ya kuvunja chembe za mwili kama mionzi ya eksirei. Vipimo vya usalama vipo, na vipimwe. Aliye na mashaka na adai kipimo. Kuchoma moto hakumjibu mtu swali lake.

Wale wasifu nao wasidhani nimewasahau. Bango la barabarani lisemalo kizazi cha tano kimefika halimlishi mtu ambaye bei ya bando yamfukuza. Mwezi wa Aprili 2021 bei mpya za vifurushi ziliamsha kelele hata zikasimamishwa. Mwezi wa Julai mwaka ule ule ikaja tozo ya miamala ya simu, kutoka shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala. Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30, na baadaye ikapunguzwa tena. Siku zile watu walirudi kubeba fedha mkononi, na wakala wa kijijini akakaa kibandani mwake akihesabu nzi. Jambo hilo lilituonyesha kwamba njia yaweza kuwa wazi na lango likawa ghali. Hali kadhalika simu janja: mnara wa kizazi cha tano hauna la kusema na kitochi. Asemaye mtandao mpya bila ya kusema bei ya simu, bei ya bando na kodi zake, anauza harufu ya pilau.

Na liko jambo zito zaidi. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini, na ikakaa siku kadhaa hivyo. Kila tuongezapo kazi za maisha juu ya mtandao, za mnada, za hospitali, za shule na za fedha, ndivyo kuuzima kunavyokuwa jambo kubwa zaidi. Ukizima mtandao wa leo umezima ghala, benki na zahanati kwa mkono mmoja. Kwa hiyo nisemapo kwamba Nachingwea na Ruangwa zipate mtandao mpya, nasema pia kwamba mtandao huo uwe na ulinzi wa sheria kama barabara kuu, ambayo haifungwi kwa sababu mtu mmoja barabarani anashukiwa. Wapo watakaosema hayo ni mambo ya siasa na hayahusu minara. Wamuulize mkulima ambaye fedha yake yote imo ndani ya simu kama yanahusu.

Sisi wa Kiswahili tuna sehemu yetu katika deni hili, na yatupasa kuitaja kabla ya kuwanyoshea wengine kidole. Njia iliyofika Nachingwea yaleta nini? Mkulima akifungua simu akakuta maelezo ya dawa ya mikorosho kwa Kiingereza peke yake, mnara umemleta mgeni asiyejua kubisha hodi. UNESCO ilitangaza mwezi wa Novemba 2021 kwamba tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani. Tumecheza ngoma, tumesoma hotuba. Lakini hotuba haimwambii mtu kiasi cha salfa kwa mkorosho mmoja. Watu wenyewe wametutangulia: wamekiita kitochi kitochi, wamepata bando, laini, vocha na wakala, bila ya kungoja kamati. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa 1967, na idara zetu za vyuo vikuu zina kazi ya kuyakusanya maneno hayo, kuyapima na kuyajaza elimu ya kilimo, ya tiba na ya sheria iliyoandikwa kwa lugha isomekayo. Kadhalika katika nchi hii ya Wamwera, Wamakonde, Wayao na Wamakua, wazee wanakufa na ngano zao. Mwanafunzi mwenye mtandao mzuri angeweza kuzirekodi Ruangwa leo na kuzihifadhi chuoni jioni. Bila ya mtandao husubiri likizo, na mauti hayangoji likizo.

Liko neno moja zaidi ambalo ningependa wenzetu wa busara walitafakari. Chini ya ardhi ya Ruangwa liko madini ya kinywe, na migodi imekwisha anzishwa. Kinywe ndicho kitu kinachofanya upande mmoja wa betri ya simu janja. Hapana simu ya kizazi cha tano duniani iwezayo kuwaka bila ya madini ya namna hiyo. Basi tazameni mpangilio wa mambo: ardhi ya Ruangwa ichimbwe ili simu za ulimwengu ziwe na roho, na mtu wa Ruangwa aambiwe kwamba simu hizo si za kiasi chake. Karanga zilipandwa kwa ajili ya meza za watu wengine. Kinywe nacho, tusipoangalia, kitachimbwa kwa ajili ya mazungumzo ya watu wengine.

Kwa hiyo madai yangu ni haya. Kwanza, vijiji vyote vya wilaya hizi mbili vifikishiwe kizazi cha nne kwa masafa yaendayo mbali, na taarifa itolewe hadharani, kijiji kwa kijiji, ya kasi iliyopimwa papo hapo na si iliyoandikwa katika bango. Pili, kizazi cha tano kiwekwe katika miji ya Nachingwea na Ruangwa kwa kuanzia na hospitali, vyuo, shule na maghala ya vyama vya msingi. Tatu, simu janja ya bei nafuu ipunguziwe kodi, na bei ya mnada ionekane katika simu ya kila mwanachama saa ile ile inapoonekana kwa mnunuzi. Nne, mwenyeji aulizwe, kwa mkutano wa kijiji, ataka mnara usimame wapi na umfanyie kazi gani; maana karanga hazikuuliza. Tano, sisi wa lugha tuandike.

Asiyekubaliana na madai haya na ajibu kwa hoja, nami nitamsoma kwa heshima. Lakini asiniambie tena kwamba mkulima wa korosho hana haja. Haja ya mtu huulizwa mwenyewe, na mtu wa Nachingwea amekwisha jibu: yuko juu ya kichuguu, ameinua simu yake, anatafuta mahali pa kushika.